Karatasi ya juji iko, feza ya mtoto haionekani

Mama mmoja wa Kataki alinifuata nyumbani siku ya Mungu asubuhi, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Hakuja kusalimia. Alitoa ndani ya sakosi mfuko wa plastiki, ile mifuko wanafungia ndakala sokoni, na ndani yake karatasi tatu zimekunjwa vizuri: acte de naissance za watoto wawili, na hukumu ya tribinali. Pembe moja ya hukumu ilikuwa imelowa, kwa sababu ziwa lilipopanda 2024 maji yaliingia mpaka chini ya kitanda chake.

"Yaya," akaniambia, "nasikia weye njo delege wa sendika. Baba ya batoto iko ndani ya sendika yenu kule Kolwezi. Nataka mukate mushahara yake."

Nilikaa kimya. Mtu wa sendika anafundishwa jambo moja mbele ya yote: mshahara wa mfanyakazi hauguswi. Kompani ikikata siku moja ya ugonjwa, tunaandika barua. Ikikata bei ya buti na kofia, tunaenda kwa Inspection du travail. Miaka yote kazi yangu imekuwa kuzuia mkono usiingie ndani ya fishi ya malipo. Na sasa mama huyu anataka mimi nisaidie mkono uingie.

Nimeandika habari hii kwa sababu yeye si peke yake. Tangu siku ile nimehesabu wanane waliokuja kwangu na hadithi karibu moja: baba alitoka Kalemie kufuata kazi ya shaba na kobalti upande wa Lualaba, au lithium na kasiterite upande wa Manono, alituma feza miezi michache, halafu telefone ikabadilika namba.

Huyu wa kwanza alianza kwa mkubwa wa kartie. Mkubwa akamtuma kwenye ofisi moja ya serikali inayoshughulika na mambo ya familia. Jina la ofisi naliacha, maana waliokaa pale ni watu wanaofanya kazi bila karatasi, bila pikipiki, na wakati mwingine bila mshahara. Agenti alimpigia baba simu mbele yake, akaweka sauti kubwa. Baba akasema ndiyo, ndiyo, nitatuma kila mwisho wa mwezi. Wakaandika mapatano, wakapiga muhuri. Mwezi wa kwanza feza ilifika kwa M-Pesa. Mwezi wa pili ilifika nusu. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Mama akarudi ofisini. Akarudi tena. Kila kurudi ni feza ya moto kutoka Kataki, ni siku moja ya samaki bila kuuza. Mwishowe agenti akamwambia ukweli ambao angepaswa kumwambia siku ya kwanza: "Mama, sisi tunapatanisha. Hatuwezi kukamata feza ya mtu."

Na hapo ndipo wamama wengi wanasimama. Wanafikiri ofisi ya serikali imeshindwa, basi kila kitu kimeshindwa. Karatasi ya mapatano si hukumu. Inasaidia kama ushahidi kwamba baba alikubali deni, na kwa hiyo isitupwe, lakini hakuna kompani itakata hata franga moja juu ya karatasi ya mapatano.

Sheria yenyewe ni kali kuliko watu wanavyofikiri. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kifungu cha 591 kwamba kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au inje. Inje ya ndoa! Nimeona wanaume wazima wakishangaa kusikia hivyo. Wanasema, "Miye sikumuoa, sikutoa mahari, batoto ni ya kwao." Mahari ni jambo la familia mbili. Chakula cha mtoto ni jambo lingine, na juji hataulizia mbuzi wangapi wamebaki.

Mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa, baba anapaswa kumwandikisha kuwa wake, ile wanaita affiliation, katika miezi 12 baada ya kuzaliwa. Akikataa, mama anaweza kwenda tribinali kutafuta ubaba kwa niaba ya mtoto. Na hata kama ubaba haukuweza kusimama, sheria imeacha mlango mmoja: mwanaume aliyekuwa na uhusiano na mama wakati mimba ilipoingia anaweza kutajwa kuwa baba mwenye deni la chakula. Yaani mtoto hachukui jina lake, lakini anakula kwake. Wachache sana wanajua mlango huo, hata kati ya watu waliosoma.

Kazi inakuwa ngumu pale unapouliza: tribinali gani? Tribunal de paix ndiyo inasikiliza mambo ya familia. Tribunal pour enfants, iliyowekwa na sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inasikiliza mambo ya ubaba, utambulisho na ukoo wa mtoto. Pale haijafunguliwa, tribunal de paix inashika nafasi yake. Kwa mwanasheria ni wazi. Kwa mama anayeuza samaki ni kutembea. Wetu alitumwa huku, akarudishwa kule, mpaka karani mmoja mzee akamhurumia na kumwandikia kwa kalamu nyuma ya karatasi: mlango wa pili, uliza fulani, sema umetoka kwangu.

Gharama nazo. Kufungua kesi kunalipwa, na wengi wanaishia hapo. Lakini kuna karatasi inayoitwa attestation d'indigence, inayoshuhudia kwamba mtu hana uwezo, na juji anaweza kumwondolea mlalamikaji malipo ya kesi. Tena barreau inapaswa kuwa na bureau ya ushauri wa bure, ambapo avoka anasaidia maskini bila kulipwa nao. Omba kwa maandishi. Ukiomba kwa mdomo utajibiwa kwa mdomo.

Kesi ilikaa miezi saba. Juji alitazama mambo mawili, kama sheria inavyotaka: mahitaji ya watoto, na uwezo wa baba. Hapa wamama wanapoteza sana. Wanafika na machozi bila hesabu. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na baba atasema hivyo mbele ya juji, atasema tena kwa sauti. Lazima uwe umeandika: daftari, viatu, dawa ya malaria, unga, feza ya sekondari kwa yule mkubwa, nyumba. Na kwa upande wa baba unahitaji kitu kinachoonyesha mapato yake. Kama huna fishi ya malipo, tafuta jina la kompani, jina la chantier, matrikile yake, hata foto aliyojipiga na gilet ya kazi. Mesaji za M-Pesa na Airtel Money za miezi aliyotuma zisifutwe, zinaonyesha alikuwa akijua ana watoto.

Basi hukumu ikatoka. Mama akafurahi, akaiweka ndani ya plastiki, akangoja. Akangoja miezi minne! Hakuna mtu aliyemwambia kwamba hukumu haiendi Kolwezi yenyewe. Inapaswa kutolewa nakala yenye nguvu ya kutekelezwa, baba apelekewe rasmi na huisie, kisha huisie apeleke ombi kwa mwajiri. Kila hatua iko na saini yake na siku zake. Baba akiwa Kalemie, huisie anavuka barabara. Baba akiwa Kolwezi au Manono, unahitaji huisie wa kule, na barabara zetu mnazijua, na treni ya Kabalo mnaijua.

Ni hapo alipokuja kwangu.

Nilichukua Code du travail, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa 2016, nikasoma upya sura juu ya ulinzi wa mshahara. Kwa miaka mingi nilikuwa nasoma sura ile kwa jicho moja. Ni kweli inakataza mwajiri kukata ovyo. Lakini sheria ileile inakubali mshahara ukamatwe kwa amri ya juji, kwa kipimo, ili mfanyakazi abaki na cha kula; na deni likiwa ni la chakula cha familia, kipimo kinapanda. Tena nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya OHADA juu ya utekelezaji wa madeni imeweka njia ya mkato kwa deni hili: mwenye hukumu anaomba, mwajiri anapokea karatasi, anakata kila mwezi na kumlipa mama moja kwa moja, bila feza kupita mkononi mwa baba. Kwa hiyo sheria inayomlinda mfanyakazi haikusahau mtoto wake. Sisi ndio tulisahau.

Nina jambo la kukiri. Miaka iliyopita kamaradi mmoja alinijia akiwa na habari kwamba huisie anakuja kumkamatia mshahara kwa ajili ya watoto. Nilimsaidia kuandika ombi la avansi kubwa, ili karatasi ikifika ikute mshahara umekwisha kuliwa. Tulicheka pamoja, tukanywa Simba moja. Niliona nimemlinda mfanyakazi. Watoto wale nilikuwa nawajua kwa majina.

Jambo la pili linaniuma zaidi, nalo ni la CNSS. Kompani inayofuata sheria inalipa kila mwezi kwa CNSS asilimia 18 ya mshahara: 5 zinatoka kwa mfanyakazi na 5 kwa kompani kwa ajili ya pansio ya uzee, 1,5 ya kompani kwa hatari za kazi, na 6,5 ya kompani kwa ajili ya familia. Soma tena ile ya mwisho. Ni feza inayotoka kila mwezi kwa sababu kuna watoto. Na Code du travail inasema wazi posho ya familia si sehemu ya mshahara. Pia mwajiri anapaswa kutibisha mke na watoto wa mfanyakazi. Sasa, nenda kaangalie dosie ya wale mababa wanaokimbia. Siku ya kuajiriwa waliandika watoto wote, kwa majina na tarehe, na acte de naissance juu. Kwenye karatasi wana watoto watano. Kwenye simu hawana hata mmoja. Mama wetu alipouliza kama watoto wake wako kwenye dosie ya baba yao, tulikuta wote wawili wamo. Mdogo alikuwa amelala na homa wiki ile, na mama alikuwa amekopa feza ya kidonge.

Nisiwe wa upande mmoja. Wanaume nao wana maneno, na nimewasikiliza jioni nyingi. Wengine wanasema feza inafika, inaliwa na wajomba. Wengine walikatazwa kuwaona watoto kwa sababu ya deni la mahari, wakakasirika, wakafunga mfuko. Wengine wanafanya kazi kwa sous-traitant, kontra ya miezi mitatu mitatu, leo wako leo hawako, licha ya sheria 17/001 ya 2017 iliyotaka kuweka utaratibu katika sous-traitance. Na kuna wale ambao mwajiri mwenyewe ndiye mdeni: hapa Kalemie nani hajui familia ya cheminot wa SNCC iliyongoja mshahara miezi na miezi? Huwezi kukamata mshahara usiolipwa. Kwa baba wa namna hii, sheria inaruhusu kurudi mbele ya juji kuomba kiasi kishushwe. Aende yeye, kwa miguu yake, aseme. Kubadilisha namba ya simu si ombi la kushusha kiasi.

Wacreuseurs ni habari nyingine kabisa, na katika Tanganyika ndio wengi. Mtu anayechimba koltani Kisengo hana fishi ya malipo, hana mwajiri, hana CNSS. Leo amepata, wiki mbili hajapata. Huisie atamkamatia nini, nyundo? Hata hivyo si kweli kwamba hawaonekani. Code minier, tangu marekebisho ya 2018, inawataka wachimbaji wa mkono wawe ndani ya kooperative, na kila mmoja awe na karte. SAEMAPE inawajua, kooperative inawajua, na nego anayenunua mzigo anajua nani alileta kilo ngapi. Nimeona kisa kimoja ambacho presida wa kooperative, baada ya kuonyeshwa hukumu, alimwita baba na wakakubaliana nego atoe sehemu kidogo kila mzigo ukiuzwa, atume kwa simu ya mama. Sheria haikumlazimisha nego. Aibu ndiyo ilimlazimisha baba, kwa sababu walikuwa mbele ya wenzake. Ilifanya kazi miezi mitano, mpaka shimo likaingia maji.

Kuna na wale waliokimbia mgogoro wa Twa na Luba upande wa Nyunzu na Manono, karatasi zao zilichomeka pamoja na nyumba. Mtoto asiye na acte de naissance anaanza kesi akiwa nyuma. Kuandikisha ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, inabidi kupitia tribinali kupata hukumu ya kujaza nafasi ya acte. Wamama wenye mimba wanaosoma habari hii, siku 90 ni chache kuliko unavyofikiri.

Ndugu zetu ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, na sheria yao ya mtoto ya 2009 inaruhusu mahakama kuamuru baba alipe matunzo. Ufaransa wameweka tangu 2017 shirika linaloitwa ARIPA, linasimama katikati: baba analipa shirika, shirika linalipa mama, na asipolipa shirika ndilo linamkimbiza. Mama hakimbii mtu. Kwetu mama ndiye karani, ndiye huisie, ndiye tarumbeta, na bado awahi soko kabla samaki hajaoza. Hatuna ARIPA na sitasema itajengwa kesho. Lakini katika provinsi yenye madini kama yetu, agenti mmoja wa serikali mwenye telefone na orodha ya huisie wa Kolwezi, Manono na Lubumbashi si ndoto kubwa.

Katika sendika tulikaa kuzungumza jambo hili, na mkutano ulikuwa mbaya. Kamaradi mmoja alisimama akasema nimeuzwa kwa wanawake. Mwingine, mtu wa miaka karibu sitini ambaye husema mara chache, alisema yeye alilelewa na mama peke yake nyuma ya Filtisaf, na kwamba baba yake alikuwa memba mzuri sana wa sendika. Baada ya hapo watu waliongea polepole zaidi.

Tulikubaliana mambo machache. Delege hatasaidia tena mtu kuficha mshahara mbele ya hukumu ya chakula. Memba anayetaka kukatwa kwa hiari yake, bila kungoja juji, atasaidiwa kuandika barua kwa kompani. Wawili wameshaandika, na mmoja aliniambia ni raha, maana sasa mke wa pili hawezi kumuuliza feza imekwenda wapi, anamwonyesha fishi. Na mama akifika na hukumu, tutamsaidia kuipeleka pale baba anapofanya kazi, kwa matawi yetu. Hatuamui kesi. Tunabeba karatasi.

Ile ya mama wa Kataki tuliipeleka Kolwezi kwa mkono wa kamaradi aliyekuwa anasafiri. Huisie wa kule aliifikisha kwa kompani. Ofisi ya watumishi ilijibu kwanza kwamba mtu huyo amehamishiwa kwa sous-traitant, tukauliza sous-traitant gani, wakataja. Karatasi ikaanza tena kutoka mwanzo, kwa mwajiri mpya. Baba alinipigia simu usiku, alinitukana vizuri, kisha akauliza kama mdogo bado anaumwa.

Mwezi wa tano feza iliingia kwenye simu ya mama, kiasi kile alichoandika juji, bila kupungua. Alinitumia foto ya mesaji na foto ya viatu viwili vya shule. Mwezi wa sita haikuingia. Mwajiri anasema kontra ya baba imekwisha na ya mpya haijasainiwa. Tumeandika barua ya pili juzi, na nakala iko ndani ya plastiki.